Michembe Jukwaani

Kilichoninyima usingizi msimu ule kilikuwa sentensi moja: "Stesheni hii ilifungwa." Niliiandika mwenyewe na hakuna mtu aliyeilalamikia. Ila kila nikilala naiona. Ilifungwa na nani? Mlango wa ofisi haukuwa hata na kufuli. Popo na mijusi walikuwa wanaingia na kutoka watakavyo. Na jukwaani, pale abiria walipokuwa wanashukia, bibi yangu na wenzake walikuwa wanaanika michembe ya viazi vitamu kila siku ya jua. Kitu kilichofungwa kinakuwaje na watu wengi namna hiyo? Lakini kama haikufungwa, mbona treni haisimami? Na kama historia ya stesheni inaishia siku treni ya mwisho iliposimama, hawa akina mama wamo kwenye historia ya nini?

Mtu mwingine angegeukia upande wa pili akalala. Mimi nina kipaji cha kuchukua jambo dogo na kulilea mpaka linizidi kimo. Safari hii, hata hivyo, jambo lenyewe halikuwa dogo. Sentensi ile ilikuwa inakwenda kuandikwa kwenye bango, bango lilikuwa linakwenda kusimikwa pamoja na uzio, na uzio ukishasimama bibi yangu asingekuwa na mahali pa kuanikia.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, nikarudi Mwanza kwa mama yangu Kirumba. Yeye anauza dagaa soko la Mwaloni. Asubuhi alikuwa ananiacha nimekaa na simu naandika barua ya kuomba kazi, jioni ananikuta bado niko kwenye barua ileile, nawaza kama "Ndugu" inatosha au niweke "Mheshimiwa". Mwisho akachoka.

"Nenda kwa bibi yako ukamsaidie kumenya viazi," akasema. "Viazi havina mheshimiwa."

Mji wa bibi ni mdogo, uko kusini mwa Mwanza, kwenye lile tawi la reli linalochepuka Tabora kuja ziwani. Mwanza ukitaka kuanika kitu unapanda juu ya jiwe, mawe yamejaa kila mahali, hata uani kwa watu. Mji wa bibi hauna mawe. Una udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika, una upepo, na una mbuzi wasio na adabu. Kwa hiyo jukwaa la stesheni ndilo jiwe letu. Ni la saruji, limeinuka hadi kiunoni, jua linalipata kutwa nzima, na ukiweka tawi la miiba kwenye ngazi hakuna mbuzi anayepanda. Viazi vitamu vikishachimbwa, wanawake wanavimenya, wanavikata vipande na kuvianika pale. Vikianikwa vibichi ni michembe, ya kupika baadaye na karanga. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa, unatafuna hivyo hivyo, vitamu kama pipi ngumu. Vikikauka vizuri vinalisha nyumba miezi ile ambayo ghala limebaki vumbi, na vinavyozidi wanakuja wachuuzi kuvichukua kupeleka mjini.

Treni ya mizigo bado inapita mara moja moja. Inapiga honi, wanawake wanatandaza kanga juu ya viazi vyao kuzuia vumbi, inapita, wanatandua. Haisimami. Treni ya abiria iliacha kusimama pale kabla sijaanza shule.

Sasa mwenyekiti wetu. Ni mtu mchangamfu, ana simu mbili na zote hazina chaji. Reli mpya ilipoanza kujengwa si mbali na kwetu, aliona mbele. Alisema wageni watakuja, na wageni wanapenda vitu vya kale, na sisi kitu cha kale tunacho. Aliomba ruhusa kwa wenye reli kulitunza jengo la stesheni, akaipata, akatangaza mkutanoni: litapakwa rangi, litazungushiwa uzio pamoja na jukwaa lake, na litawekewa bango la historia. Akina mama wataanika kwenye uwanja wa mpira wa shule.

"Historia haikanyagwi," alisema.

Akina mama wakajibu, "Sawa, mwenyekiti," kwa ile sauti ambayo mtu yeyote mwenye mama anaijua.

Kisha akaniona mimi. Alikuwa amesikia nimesoma nini. "Mtaalamu wetu huyu hapa! Wewe utaandika bango, na wageni wakija wewe ndiye utakayewaeleza. Hiyo ndiyo kazi yako sasa." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi, kwa kutojua la kufanya.

Nyumbani bibi hakunilaumu. Alifanya vibaya zaidi, alinitania. Tangu nimezaliwa bibi ananiita mke mwenzake, kwa sababu babu alipokuwa hai alikuwa ananiita mke wangu, na wake wa mume mmoja ni lazima wagombane.

"Mke mwenzangu," akasema akinipa kisu cha kumenyea, "wenzako wanafukuza wake wenza kwa uchawi. Wewe unanifukuza kwa kalamu."

"Bibi, mimi sijamfukuza mtu."

"Sijasema umenifukuza. Menya."

Nikaanza kukusanya historia, kwa sababu angalau hiyo niliifahamu namna yake. Nilipata mambo mengi mazuri. Nilielezwa jinsi marobota ya pamba yalivyokuwa yanapangwa hadi yanafunika madirisha ya ofisi. Nilielezwa kwamba abiria aliyelala alikuwa anajua amefika wapi kwa harufu dirishani, maana kila stesheni ya tawi lile ilikuwa na kitu chake cha kuuza, na yetu ilikuwa matobolwa na karanga. Na nilielezwa habari ya stesheni masta mmoja aliyetoka pwani, ambaye nusura salamu zetu zimtie wazimu. Kwetu mtu hasalimiwi kwa mkupuo. Unamsalimia, unamuuliza ukoo, unaitikia kwa jina la ukoo wake, unauliza nyumba, ng'ombe, mvua, ndipo unamgeukia wa pili yake uanze upya. Kengele ya kuondoka ilikuwa inapigwa na nusu ya mji bado imeshikana mikono na watu waliomo madirishani, na hakuna upande uliokuwa tayari kuachia katikati ya salamu kwa sababu ya treni. Basi yule bwana akatunga kengele yake mwenyewe. Ilikuwa inapigwa kabla ya ile ya kuondoka, na maana yake ilikuwa: sasa malizieni ng'ombe, mwende kwenye mvua. Ilifanya kazi. Waliomfuata waliikuta wakaiendeleza, wakidhani ni sheria ya reli.

Yote haya niliyaandika, na yote yalikuwa na mwisho uleule: treni ikaacha kusimama. Kisha sentensi yangu.

Katika kwenda na kurudi jukwaani niliona kitu. Katikati ya jukwaa kulikuwa na sehemu ndefu, tupu, ambayo hakuna mtu anayeanika. Upande huu michembe imebanana, upande ule imebanana hadi wanawake wanagombania ukingo, na pale katikati saruji tupu. Nilianza kuwaza. Kwa namna ninavyowaza mimi, haikuchukua muda kufika kwenye jambo zito. Labda mtu aliwahi kugongwa pale. Labda palifanyiwa tambiko. Niliandika kurasa kadhaa kuhusu heshima ya mahali. Na kwa kuwa sikutaka kuudhi wafu wa watu, kila nilipofika pale nilikuwa sikanyagi. Nashuka kwenye reli nazunguka, au kama nina haraka, nakusanya sketi na kuvuka kwa miruko miwili mirefu.

Siku moja rafiki wa bibi akaniona. Ni bibi mrefu, mwembamba, rafiki yake mkubwa na mshindani wake tangu usichana.

"Wewe," akamwita bibi, "mke mwenzako anaruka nini? Kaona nyoka?"

"Muulize mwenyewe. Ana shahada."

Nikapiga goti, nikaeleza kwa adabu zote kwamba nimeona mahali hapa hapaanikwi, nikaona nipaheshimu.

"Upaheshimu kwa nini?"

"Nilidhani labda kuna mtu alipatwa na jambo. Au mizimu."

Akaweka ungo wake chini. Kisha kicheko kikaanzia kwake, kikatembea jukwaa zima kama moto kwenye nyasi kavu. Mama mmoja alikalia viazi vyake mwenyewe.

"Mizimu!" rafiki wa bibi akasema alipopata pumzi. "Mwanangu, hapa lilikuwa linasimama behewa la chakula!"

"Nani angenunua matobolwa hapa," bibi akaongeza, akifuta machozi kwa ncha ya kanga, "na mle ndani wanakula kuku kwa wali?"

"Mpishi wao alikuwa ananunua. Kwangu."

"Kwako? Yule alikuwa anakuja kukutazama wewe. Matobolwa alikuwa anayasahau palepale."

"Na kulipa alikuwa analipa! Hiyo siyo biashara?"

Nikangoja wanyamaze. "Lakini bibi, treni haisimami siku hizi. Behewa la chakula halipo. Kwa nini bado hamwaniki?"

Wakatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza wao wenyewe kujiuliza.

"Hapana mwenyewe," bibi akasema mwisho. "Kila mtu ana pake. Pale hapana mwenyewe."

"Na wewe pako ulipataje?"

"Kwa mama mkwe wangu. Yeye alikuwa anauzia daraja la pili. Hapa nilipo mimi, hapa hapa, ndipo dirisha lilipokuwa linakuja."

"Daraja la pili, watu wa kunusa," rafiki yake akadakia. "Wananusa, wanageuza, wanauliza kama mikono umenawa, treni inaondoka hawajanunua. Mimi nilikuwa daraja la tatu. Daraja la tatu wananunua kwanza, kunusa baadaye."

Nikashika njia, nikaanza kutoka mwisho wa jukwaa, mama kwa mama. Wewe pako ulipataje? Wale wazee walikuwa wanajua: dirisha la tatu, mlango wa nyuma, mbele ya behewa la mizigo ambako wapagazi walikuwa wananunua karanga. Wale vijana walikuwa hawajui chochote. Mmoja, rika langu, mtoto mgongoni, aliniambia, "Mimi nilipewa na shangazi. Sijui pana nini. Ni pangu tu." Shangazi yake alikuwa muuzaji wa daraja la tatu. Huyu hakuwahi kuuza kitu kwenye treni ya abiria, na alikuwa amekaa barabara kabisa mbele ya dirisha lake.

Nilipofika mwisho nikageuka nyuma. Treni yote ilikuwa pale. Behewa la mizigo, daraja la tatu, pengo la walaji wa kuku, daraja la pili, na kile kipande kidogo cha mwisho, akina mama wachache waliokuwa wanaanika kwa nafasi na madaha, cha daraja la kwanza. Kila mmoja alikuwa anajua pake. Hakuna aliyekuwa amesimama mahali pa kuyaona mabehewa yote pamoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kutembea akiuliza maswali ya kijinga.

Nilifurahi kwa muda kama wa kunywa chai. Kisha nikaanza. Treni ilikuwa inakwenda Mwanza na kurudi Tabora. Ikirudi, si imegeuka? Basi daraja la tatu lingekuwa upande wa pili, na hadithi yangu yote imeporomoka. Sikula vizuri siku hiyo.

Kesho yake nikaenda kwenye duka linalotazamana na stesheni. Mwenyewe ni mzee wa familia ya Kihindu iliyofika hapa enzi za pamba. Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu, na maisha yake yote amekuwa akiitazama stesheni ile kutoka kwenye kiti kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu. Umekuja kununua au kuwaza?"

"Kuwaza."

"Basi kaa kwenye gunia. Wanunuzi ndio wanasimama."

Nikamweleza wasiwasi wangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Kichwa ndicho kilikuwa kinahamia upande wa pili. Mabehewa yanageukia wapi? Yalikuwa yanarudi Tabora kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa mkwewe. Mpangilio uleule."

"Na yalikuwa yanasimama mahali palepale? Kwenda na kurudi?"

"Behewa la mizigo ni lazima lisimame mlangoni mwa ghala. Dereva akipitiliza kidogo tu, wapagazi wanabeba mzigo mrefu zaidi, wanamtukana yeye na mama yake kwa Kisukuma, Kinyamwezi na Kiswahili. Mayu, mama yangu, dereva alikuwa anajifunza haraka!" Akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Uzio unaanza lini?"

"Kesho kutwa."

"Hm," akasema, na kunipimia sukari ambayo sikuiomba.

Sasa nilikuwa na hakika, na hakika haikunisaidia chochote. Kujua ni jambo moja, kumwambia mwenyekiti ni lingine. Alikuwa amenisifu mbele za watu. Ndiye aliyenipa kazi ya kwanza maishani mwangu, hata kama haijaanza. Je, akisema namdhalilisha? Je, nikisema vibaya, akina mama wakaja kuonekana ndio walionituma? Labda niandike barua. Barua ianze na "Ndugu" au "Mheshimiwa"?

Bibi alikuwa anamenya, ananitazama nikimenya kiazi kimoja hadi kinabaki saizi ya karanga.

"Unakiadhibu kwa kosa gani?"

"Nawaza kama niseme kwa mwenyekiti."

"Ukisema itakuwaje?"

"Anaweza kukasirika."

"Akikasirika?"

"Atanuna."

"Akinuna?"

Nikakiweka chini kile kiazi. 

"Yule nimembeba mgongoni," bibi akasema. "Akinuna anakuwa na sura mbaya sana, hilo siwezi kukuficha. Lakini hadumu nayo."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze, akaacha utani. "Kwenye uwanja wa mpira nitaanika," akasema. "Mbuzi watakula nusu, mipira itakula nusu. Nitaanika tu. Usilie kwa ajili yangu." Akachukua kiazi kingine.

Asubuhi ya uzio nilifika mapema, nikawakuta vijana wa kuchimba wameshafika na nguzo zao, na mwenyekiti ameshika kamba ya kupimia. Akina mama walikuwa jukwaani, wameanika kama kawaida, hakuna aliyekuwa amegusa kitu chake. Kamba ilikuwa inakwenda kupita ukingoni mwa jukwaa, mbele ya miguu yao.

"Mtaalamu!" akasema. "Bango limefika wapi?"

Nikasimama mbele ya kamba. "Mwenyekiti, kabla hawajachimba, naomba upande treni."

"Treni gani?"

"Hii."

Akatazama reli, kushoto na kulia. Nikaondoa tawi la miiba kwenye ngazi, akapanda, nadhani kwa kuogopa kwamba nimeharibikiwa. "Hili ni behewa la mizigo," nikasema. "Hapa linaanza daraja la tatu." Nilikuwa sijapanga chochote na mtu yeyote, lakini rafiki wa bibi alinielewa kabla sijamaliza. Akainua ungo wake juu, mahali ambapo dirisha lingekuwa.

"Matobolwa! Matobolwa, baba, treni inaondoka!"

"Karanga! Karanga hizi!"

Jukwaa likalipuka. Hata yule mama kijana wa shangazi alikuwa anapiga kelele, na mtoto mgongoni anaruka kwa furaha. Mwenyekiti alikuwa anatembea akitabasamu tabasamu la mtu ambaye hajui anachekwa au anachekeshwa. Mpaka akafika kwenye pengo. Akasimama mwenyewe.

"Hapa mbona pameachwa?"

"Behewa la chakula."

Akaigusa ile saruji kwa ncha ya kiatu. "Nilikuwa nasoma Tabora," akasema. "Nilikuwa napita mbele ya behewa hili nimebana pua, nisisikie harufu ya kuku." Akageuka, akatazama alikotoka. "Na mimi nilikuwa nakaa wapi?"

"Kwangu!" rafiki wa bibi akaita. "Dirisha la mwisho! Unanunua kidogo, unaomba nyongeza kubwa!"

"Na hadi leo," bibi akasema, na hata wachimbaji wakacheka.

Nikaona kama sisemi sasa sitasema tena. "Mwenyekiti, jengo kama hili liko kwenye kila stesheni ya tawi hili. Treni imebaki hapa tu. Ukiwatoa hawa, tutakuwa tumeitoa sisi wenyewe, na bango litakalosema stesheni imefungwa mimi sitaliandika."

Kijana mmoja alikuwa ameangusha sururu kwenye reli, ikalia. "Unasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Ilibidi niseme tena. "Sitaliandika."

Akanuna. Bibi alikuwa amesema kweli, ni sura mbaya sana. Akatazama akina mama, akatazama lile pengo, akatazama nguzo zilizolala chini.

"Sasa nguzo nimeshanunua," akasema, kama mtu anayeomba ushauri.

"Paa la ofisi linaning'inia nyuma," nikasema. "Wageni litawaangukia. Pale ndipo panahitaji uzio."

Wachimbaji walikuwa wanamngoja yeye. Yeye akawa ananitazama mimi. Kisha akaninyooshea kamba. Nikaipokea, nikashuka ngazi, nikazunguka nyuma ya ofisi, nikaifunga kwenye pembe ya ukuta na kuivuta kwenda upande wa mbuga, mbali na jukwaa, mpaka ikakaza.

"Chimbeni hapa," nikawaambia, nao wakachimba.